Ukurasa Uliokwama Chini ya Kalenda

Goti langu la kushoto ndilo lililostaafu kwanza. Mimi nimelifuata tu. Watu wa Kariobangi hucheka wakisikia mtu wa miaka arobaini na kitu akijiita mstaafu, hasa mtu ambaye hakuwahi kuwa na ofisi ya kumfanyia sherehe wala bosi wa kumkatia keki. Lakini kazi ya kutembeza vitabu hufanywa kwa miguu, na mguu mmoja ukigoma, mwingine hauwezi kwenda peke yake. Basi nawaandikia nyinyi mliochukua njia zangu, mnaopita Dandora na Komarock na mabegi mgongoni, machache niliyoyajua na mengi niliyojidai kuyajua.

Niliingia kazi hii kwa sababu sikuweza kuketi. Nilimaliza kidato cha nne na alama ambazo mwalimu wangu alisema zitawatia moyo wengine. Nikajaribu kiwanda, nikajaribu kinyozi, nikajaribu kukaa mlangoni pa ukumbi wa video. Kila mahali palikuwa na kiti au zamu, na makalio yangu hayakuumbwa kwa kiti. Hata leo ninapoandika haya nimeshaamka mara kadhaa kwenda kuangalia dirishani kama mtaa bado upo.

Aliyenichukua ni Mzee Wafula, mtu wa magharibi, mpole, aliyekuwa akitandika gunia la vitabu vikuukuu karibu na mafundi wa jua kali wanaogonga sufuria. Kelele ilikuwa kubwa hivi kwamba wateja walizoea kukinyooshea kitabu kidole badala ya kukitaja. Siku yangu ya kwanza alinipakia begi akaniambia nisirudi mpaka liwe jepesi. Jioni nilirudi nalo likiwa zito kuliko lilivyoondoka, kwa sababu mama mmoja alikuwa amenishawishi nimwondolee magazeti ya zamani ya mumewe. Mzee Wafula alilipima begi kwa mkono, kisha akasema, "Kijana, wewe unapenda barabara kuliko biashara. Basi tutakupa barabara."

Nikapewa barabara. Siku hizo watu wa mitaa hii hawakununua riwaya, walikodi. Nilitoka Kariobangi, nikaingia Dandora, nikatokea Komarock kando ya Kangundo Road, kisha nikarudi nilikoanzia. Raundi moja ilichukua kama wiki mbili. Upepo ukitoka upande wa jalala, watu wa Dandora walifunga madirisha, nami nikajua leo kuna wasomaji ndani. Komarock kulikuwa na mageti na mbwa, na mbwa wa Komarock hawajawahi kupenda fasihi. Nilizijua nyumba kwa vitabu: hapa ni mapenzi, hapa ni upelelezi, hapa ni mchungaji ambaye husema anachukua vya mke wake.

Mzee Wafula alikuwa na sheria zake, na nyingine bado mnazifuata bila kujua zilitoka wapi. Ya kwanza ilikuwa kwamba mchuuzi wa vitabu hasomi. "Umeona wapi mwenye baa akilewa dukani kwake?" aliniuliza. Soma ukurasa wa kwanza, soma ukurasa wa mwisho, angalia mgongo wa jalada. Hayo mengine mteja mwenyewe atakusimulia akirudisha. Sheria hii ilinifaa kuliko elimu yote niliyopewa na serikali. Mteja akianza kunieleza, mimi nilitikisa kichwa na kusema, "Ah, pale ndipo penye mambo." Sentensi hiyo moja nimeila zaidi ya miaka ishirini. Nimejadili nayo riwaya na walimu, manesi na kasisi mmoja. Kwa ajili yake mtaa mzima uliniita Prof, nami nikaitika bila haya.

Ya pili ilikuwa kwamba wateja wasijuane. Wakijuana watabadilishana vitabu wao kwa wao, na wewe utabaki na begi na goti.

Ya tatu ilikuwa kiwembe. Kitabu kinene tulikikata mara mbili, ili watu wawili wakisome kwa wakati mmoja na kila mmoja arudi kutafuta nusu nyingine. Ilikuwa kazi ya mikono na niliipenda. Unakipima kitabu kwenye viganja mpaka uzito ulingane pande zote, unapitisha kiwembe, unashona kwa sindano ya gunia na uzi uliopakwa nta ya mshumaa. Kisha unapika uji mzito wa unga wa ngano, huo ndio gundi, na unabandika jalada la kalenda kuukuu. Mende waliupenda sana uji huo. Nadhani ndio pekee katika biashara yetu waliowahi kusoma vitabu mpaka mwisho.

Tatizo dogo ni kwamba karatasi ya mwisho ya nusu ya kwanza ilibandikwa kwenye kalenda ili ishike vizuri. Upande wake mmoja ulisomeka. Wa pili ulikwenda chini ya kalenda na haukuonekana tena. Nilipomuuliza Mzee Wafula alisema kila kitabu kina ukurasa mmoja wa kufa, na msomaji hata hagundui. Nami sikuuliza tena. Nilipokuwa napima uzito sikuangalia hadithi imefika wapi. Ningeangaliaje, na sikuwa nimeisoma?

Sasa nije kwenye kitabu cha baiskeli. Ilikuwa miaka michache tu iliyopita, Mzee Wafula alikuwa ameshazeeka na kurudi kwao, na simu zilikuwa zimeshanyang'anya nusu ya wateja wangu. Kitabu kilikuja ndani ya boksi la mitumba pamoja na vitabu vya upishi. Kilikuwa kinene, cha vijana, jalada la buluu lenye baiskeli iliyoegemezwa ukutani. Maelezo ya nyuma yalikuwa yameliwa na maji. Nilifuata sheria. Ukurasa wa kwanza: kaka na dada wanagombania kipande cha mwisho cha mkate, kaka anamwachia dada, dada anamwita mjinga, nikacheka. Ukurasa wa mwisho: dada anateremka mlima kwa baiskeli, miguu haiko kwenye pedali, anacheka. Nikaamua kwamba hiki ni kichekesho cha mkate na baiskeli. Nikakipima, nikakikata. Nusu ya kwanza nikaipa picha ya maporomoko ya maji kutoka kwenye kalenda, ya pili nikaipa picha ya trekta.

Trekta alilichukua Bi Halima wa Komarock. Alikuwa akiuza mchele na viungo kwa jumla, mama wa makamo asiye na subira, na siku hiyo sikuwa na kingine alichokuwa hajasoma. Alisema ataanza mwisho, mwanzo ataukuta mbele ya safari.

Maporomoko nikampa Akoth. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, akiishi Dandora na mama yake, aliyeuza omena, wale dagaa wa ziwani, na mboga mbele ya ploti yao ya vyumba vya kupanga. Mama huyo nilimjua vizuri kwa sababu alinunua kwangu magazeti ya kufungia omena, na kwa kweli alikuwa mteja wangu mwaminifu kuliko wasomaji wote. Mtoto wake mkubwa, Kevin, alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Mtaa ulisema ni malaria ya ghafla, nami nilirudia malaria hiyo kwenye mageti yote ya Komarock kwa sauti ya Prof. Kuna jambo nililiona na nisilisome: miaka yote mama yule alikuwa Mama Kevin. Baada ya mazishi, bila mtu kutangaza, ploti nzima ilianza kumwita Mama Akoth. Mimi pia. Tuliona ni adabu.

Kwa hiyo nilimpa Akoth kitabu nikamwambia, "Hii itakuchekesha. Ni mambo ya mkate na baiskeli."

Raundi iliyofuata nilimkuta ameketi kwenye ngazi, nywele hazijachanwa, maporomoko yako mapajani.

"Niaje, Prof."

"Poa sana. Umecheka?"

"Hii kitabu ulisoma kweli?"

"Akoth, unaongea na Prof."

"Haya, niambie. Huyo dada, pale nusu yangu inaishia, amejifungia kwa chumba ya ndugu yake na hataki tena kuendelea. Alitokaje?"

Sikujua kwamba kuna chumba. Sikujua kwamba ndugu yake ana shida yoyote, zaidi ya mkate. Nikatoa sentensi yangu: ah, pale ndipo penye mambo. Nikatupa na ukurasa wa mwisho, kwamba huyo dada nimemwacha juu ya baiskeli, anacheka.

"Mwisho hata mimi naweza kutunga," alisema. "Nimekuuliza hapo katikati."

Nikamweleza kwamba katikati iko Komarock, itakuja raundi ijayo. Akarudia "raundi ijayo" kama mtu aliyetajiwa nchi ya mbali. Kisha akanirudishia maporomoko, akaingia ndani, akatoka na vitabu vyake vyote kwenye mfuko: kamusi, vitabu vya shule, atlasi, vingine vina jina lake kwenye mgongo. "Chukua, Prof. Peana kwa mtu anahitaji."

Sasa sikilizeni anachofanya mchuuzi mwenye uzoefu. Nilifungua atlasi kuhakikisha ramani zote zipo. Nikamshukuru, nikamtakia baraka, nikaondoka nikipiga mluzi.

Mzigo ulikuwa umeongezeka, na goti likaniambia hivyo nilipofika Kangundo Road. Nikaketi juu ya kalavati. Kwa kuwa nimeshaketi, nikatoa maporomoko begini ili nikitafute hicho chumba. Sitawadanganya: nilitaka kurasa mbili tatu za kunisaidia kudanganya vizuri zaidi nikirudi.

Nilianza tena na mkate, maana mwanzo ndio niliokuwa nimeuzoea. Safari hii sikucheka. Ukurasa wa pili, ambao sikuwa na desturi ya kuufikia, ulieleza kwamba kaka alimwachia dada mkate kwa sababu chakula hakikuwa na ladha tena kinywani mwake kwa wiki nyingi. Alikuwa kijana wa mizaha, na mizaha haikupungua. Kilichopungua ni yeye. Hakulala. Akaanza kugawa vitu vyake. Viatu vya mpira alimpa jirani, redio akampa binamu, baiskeli akampa dada yake. Kila mtu alimshukuru. Mmoja hata alimwombea baraka. Halafu akajitoa uhai, na kitabu hakikusema namna gani, kilisema tu kwamba mama yake alilifua shati lake lililokuwa safi, akalianika, akalifua tena.

Nimebeba vitabu maisha yangu yote na hiyo ndiyo mara ya kwanza kitabu kunibeba. Nilikaa pale na kamasi zangu mpaka dereva wa lori la mchanga akapunguza mwendo kuniuliza kama nimeibiwa. Nikamwambia hapana. Na nilipogeuka kumpungia mkono, kitu kikanichoma mgongoni. Ilikuwa kona ya atlasi.

Niliinuka haraka kuliko goti linavyoruhusu. Nikampigia mama yake simu. Akapokea katikati ya wateja, nikasikia mtu akiitisha sukuma wiki. Nikamwambia asimwache Akoth peke yake. Akauliza kwa nini. Hapo, mimi mwenye maneno ya kukodisha, nikakosa hata moja. Nikasema kuna upepo. "Upepo gani?" akauliza. Nikamwambia upepo mkubwa unakuja, amwite Akoth wakae pamoja, nami nakuja.

Geti la Bi Halima lilikuwa karibu kuliko Dandora, nikaligonga. Alifungua mwenyewe, trekta mkononi, kidole kikiwa katikati ya kurasa.

"Prof, huyu kijana alikufa kwa nini? Nimesoma nusu nzima, kila mtu analia na hakuna anayenieleza."

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: Akoth, Kevin, malaria, mfuko wa vitabu. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia.

"Sasa hapa kwangu umefuata nini?"

"Nusu ya pili. Nimpelekee."

"Mtoto anazama, wewe unampelekea karatasi," alisema. "Ngoja nivae viatu."

Nilikumbuka sheria ya Mzee Wafula, nikaanza kusema kwa unyonge kwamba mimi huwa sikutanishi wateja. Aliniangalia, nikafunga mdomo. Tukachukua boda mbili, nikamwelekeza dereva wake ploti ilipo. Yake ilikuwa inaruka matuta na mtandio ukipepea. Yangu ilisimama kutia mafuta, na dereva akashuka kusalimiana na mtu wa mafuta kama ndugu waliopoteana vitani.

Nilipofika Dandora, Bi Halima alikuwa ameshaketi juu ya mtungi uliogeuzwa. Mama Akoth na Akoth walikuwa wameshika pembe za turubai, wanafunika omena. Mama alikuwa ameamini upepo wangu. Alikuwa amemwita binti yake kutoka ndani aje amsaidie, na kwa kuwa upepo haukuja, walikuwa bado wanaungojea. Hakuna jani lililotikisika Dandora nzima. Mama aliniuliza kwa macho. Nikatazama angani kama mtu wa hali ya hewa.

Bi Halima hakungoja. Alimpa Akoth trekta. "Mwanangu, mimi nimesoma mwisho bila mwanzo. Wewe umesoma mwanzo bila mwisho. Prof hajasoma chochote. Hebu tusaidiane."

Akoth alicheka kidogo, kicheko cha puani, kwa hasara yangu. Nilikipokea kwa moyo mmoja. Tukaingia ndani sisi watatu, mama akabaki mlangoni akitazama biashara kwa jicho moja. Nikatoa maporomoko begini. Akoth alifungua trekta, akasoma mistari michache, akarudi kwenye maporomoko, akaenda tena kwenye trekta.

"Kuna kitu imeruka," alisema. "Hapa amejifungia. Hapa ako jikoni na mamake, wanapika. Pale katikati haiko."

Ikabidi nieleze elimu yangu: kiwembe, uzito, uji wa unga, ukurasa wa kufa. Nimewahi kueleza mambo magumu kwa askari wa kaunti, lakini sijawahi kujisikia mjinga kiasi kile.

"Iko wapi sasa?" Akoth aliuliza.

"Chini ya maporomoko."

Bi Halima aliuliza birika liko wapi. Maji yalipochemka nikakabidhiwa kazi ya kushika jalada juu ya mvuke, kwa kuwa ndiye niliyebandika. Nikaungua vidole viwili, na hakuna aliyenipa pole. Uji ukalainika polepole, kalenda ikaachia, na karatasi ikajitokeza imejikunja kama bati, ina madoa, lakini inasomeka. Kusema kweli nilikuwa naogopa. Nilitarajia hapo kuna maneno mazito, labda mzee wa busara anamwambia dada kitu ambacho sote tungekinakili. Nilikuwa nimeshatayarisha uso.

Akoth akasoma kwa sauti. Yule dada yuko sakafuni, chumbani kwa kaka yake. Amekata shauri kwamba hatatoka. Mama yake anaita kutoka jikoni kuuliza chumvi iko wapi. Dada hajibu. Mama anaita tena, chumvi iko wapi. Dada anajua kwamba mama anajua chumvi iko wapi. Imekaa hapo hapo tangu yeye azaliwe. Anafungua mlango.

Akoth aligeuza karatasi kuona kama kuna zaidi. "Ni chumvi tu?"

"Ni chumvi," Bi Halima alisema. Kisha akavuta kiti mpaka magoti yao yakakaribiana. "Akoth, nakuuliza, na hapa hakuna atakayekasirika. Umekuwa ukifikiria kufa?"

Mimi ningezunguka neno hilo mpaka Ruai na kurudi. Yeye alilisema kama anavyouliza bei, na paa halikuanguka. Akoth alinyoosha mikunjo ya karatasi ile kwa kidole. Mahali fulani nje mtu alikuwa akijaribu spika, mdundo mmoja ule ule.

"Siku mingi," alisema. "Leo zaidi."

Mlangoni beseni likawekwa chini. Mama yake alikuwa amesikia. Hakupiga kelele. Aliingia akaketi kitandani kando ya binti yake, mikono bado ina magamba ya omena.

"Kevin alipeana viatu zake," alisema. "Mimi mwenyewe niliona. Nikamwambia Mungu atakubariki."

Akoth akamgeukia. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza jina lile kutajwa ndani ya chumba hicho tangu mazishi.

"Nilifikiria tukinyamaza, wewe utapona haraka," mama akamwambia.

Bi Halima aliweka mkono begani kwa mama huyo. "Dada, samahani, tumeingia kwako bila kujuana. Nikuite nani?"

Mama yule alinitazama mimi, maana miongoni mwetu mimi ndiye niliyekuwa nikimwita kila raundi.

"Mimi ni Mama Kevin," alisema.

Hapo ndipo Akoth alipolia, na mama yake pia. Mimi nilienda kuuza omena. Niliuza vibaya, lakini niliuza.

Msiseme nimewaambia kwamba chumvi ilimponya mtu. Alasiri hiyo hiyo Bi Halima aliwapeleka wote wawili kituo cha afya, akakataa kupangishwa foleni mpaka apatikane mtu wa kukaa na Akoth. Akoth aliendelea kwenda kwa mshauri kwa miezi mingi, na dawa, na siku nyingine hakutaka kwenda na mama yake akafunga biashara wakaenda. Kulikuwa na wiki mbaya baada ya wiki nzuri. Jirani mmoja alisema mambo kuhusu mizimu, mama akamwambia aende akayaseme kwake. Kidogo kidogo ploti ilirudi kumwita Mama Kevin. Wengine walijikwaa mwanzoni. Mimi nilijikwaa kuliko wote.

Vitabu vya Akoth nilivirudisha siku iliyofuata, pamoja na atlasi yenye ramani zote. Na Mzee Wafula alikuwa sahihi: wateja wakijuana biashara imekufa. Akoth na Bi Halima walianza kubadilishana vitabu bila mimi, wakavijadili kwa simu, na nilipopita walinikaribisha chai kama mgeni. Ni hasara pekee katika kazi yangu ninayoifurahia.

Kiwembe sikukitumia tena, isipokuwa kwa kucha. Nilianza kuwaambia wateja kilichomo kabla hawajachukua: hiki kina msiba, hiki kina mtoto anayepigwa, utakiweza leo au nikubebee kingine? Wengi walisema wanakiweza. Waliosema hawawezi, tulizungumza kidogo. Na kama kuna ushauri mmoja mnaoweza kuuchukua kwa mtu aliyefanya kazi nusu usingizini, ni huu: mtu akikupa vitabu vyake vyote, usihesabu ramani. Weka begi chini. Muulize, kwa neno lenyewe, na ukae naye mpaka mwingine afike. Ukikosa neno, sema hata kuna upepo.

Akoth mnamjua. Ndiye mwenye meza pale pale Mzee Wafula alipokuwa akitandika gunia, na ndiye aliyewakemea baadhi yenu kwa kukunja kurasa. Nilimwomba ruhusa ya kuandika haya. Alisema niandike, lakini nisimfanye malaika, na nisisahau kutaja kwamba nilipiga mluzi. Nimetaja.

Siku nilipotangaza nimestaafu alinipa zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya kaki. Kilikuwa kitabu cha baiskeli. Alikuwa ameondoa maporomoko na trekta, akashona nusu mbili kuwa moja kwa uzi wa nta, kazi safi kuliko yangu, na karatasi ile yenye mikunjo ya mvuke iko mahali pake. "Sasa una muda, Prof," alisema. "Na kiti unacho."

Nilifika nyumbani, nikaketi, nikafanya kama nilivyozoea: nikafungua ukurasa wa mwisho. Haukufunguka. Alikuwa ameubandika kwenye jalada kwa uji wa unga, vizuri kabisa, pembe zote nne. Nikampigia simu kulalamika.

"Anza mwanzo kama watu," alisema. "Ukifika huko, birika unajua kutumia."

Nasoma polepole, goti likiwa juu ya stuli. Naamka mara nyingi, natazama dirishani, narudi. Jana niliingia chumbani na yule dada, yuko sakafuni, mlango umefungwa. Nageuza karatasi iliyojikunja kama bati, na mama yake anaita kuuliza chumvi iko wapi. Sijui kurasa zilizobaki zina nini. Birika nimelijaza maji, lakini sijaliweka motoni.